Watoto Mia Sita na Kumi na Moja

Tangazo lilibandikwa Jumatatu saa nne asubuhi kwenye ukuta wa kantini, kwa lugha tatu. Kaliza alizisoma zote tatu. Ndivyo alivyozoea: hata shati alilikagua mbele, nyuma, kisha akaligeuza ndani. Lugha zote zilisema jambo moja. Oda za ng'ambo zimeshuka, mkataba wa sare umekwisha na haukuongezwa, kwa hiyo kiwanda kitafunga laini mbili za kushona kati ya nne na kupunguza wafanyakazi sitini na wanane kati ya mia mbili na arobaini. Chini yake palikuwa na jedwali. Utendaji, alama arobaini. Ujuzi, ishirini. Muda kazini, ishirini. Wategemezi, ishirini, yaani alama tano kwa kila mtoto, mwisho watoto wanne. Taarifa zitachukuliwa kwenye mafaili. Mwenye marekebisho alete hati kabla ya Ijumaa.

Wanawake waliomzunguka walisoma, wakarudia jedwali kwa kidole. Aliyecheka alikuwa Shallon peke yake, fundi wa kola wa laini ya tatu, msichana wa miaka ishirini na sita aliyekulia Mbarara.

"Yewe, Kaliza! Faili yako iko na watoto ngapi?"

"Sifuri."

"Na yangu sifuri. Lakini sifuri yangu mimi iko ya kweli!"

Karibu kila mmoja pale alikuwa na sifuri isiyo ya kweli. Miaka minne nyuma kiwanda kilikuwa kinatafuta watu mia mbili kwa wiki moja. Oda zilikuwa nyingi kuliko cherehani, na zamu ya usiku ilikuwa imeanza. Getini, hapo Masoro penye viwanda, foleni ilifika barabara ya lami. Binti wa ofisini alitoka na karatasi mkononi akatangaza kwamba wenye watoto wadogo wasimame kushoto, wataitwa baadaye, na wasio na watoto wasimame kulia, waingie. Baada ya dakika tano upande wa kushoto walibaki watu watatu: wanawake wawili wa makamo waliokuwa hawajasikia vizuri, na mmoja aliyebeba mtoto mgongoni na hivyo hakuwa na pa kumweka. Kaliza alivuka pamoja na wengine. Nyumbani alikuwa amewaacha Trinah wa miaka mitano na Kaze wa miaka miwili. Kwenye fomu aliandika: mseja, hana mtoto.

Alipata kazi ya ukaguzi wa ubora, ya kutafuta mishono iliyopinda na kuibandika stika nyekundu. Kwa miaka minne hakuna shati bovu lililompita, na kwa miaka minne kila Kaze alipougua aliomba ruhusa ya kumpeleka hospitali mtoto wa dada yake. Dada hakuwa naye.

*

"Ulisaini," alisema Castory, mumewe, jioni ile. "Mstari wa mwisho wa fomu unasema nini?"

Castory alikuwa Mhaya wa Bukoba, karani wa wakala wa malori pale Nyabugogo, na karatasi alizijua. Kaliza naye alikulia Karagwe kabla wazazi wake wakimbizi hawajarudi kwao, na ndiyo maana Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumba yao ya vyumba viwili huko Ndera: lugha ya kupikia, ya kuombea na ya kugombania.

"Unasema nikigundulika nimesema uongo nakubali kuachishwa kazi."

"Kwa kosa kubwa. Na wa kosa kubwa hapewi malipo ya kuondokea, hata mia. Sasa wewe unataka uwapelekee ushahidi kwa mkono wako mwenyewe, wenye mhuri."

"Nisipoupeleka, nafukuzwa."

"Unapunguzwa. Aliyepunguzwa analipwa."

"Na hiyo ikiisha?"

"Tutaona."

Kaliza aliweka sufuria chini kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Tutaona! Baba Trinah, tangu mwezi wa tatu unakwenda kazini siku tatu kwa wiki. Malori hayaji, unasema tutaona. Mwenye nyumba anabisha hodi, unasema tutaona. Hebu niambie, mpaka leo tumeona nini?"

"Unanikaripia mimi? Fomu niliijaza mimi?"

"Wewe ndiye uliyesema andika sifuri, mbona si dhambi."

"Nilisema si dhambi. Sikusema ni busara."

Trinah alikuwa mezani na daftari lake la hesabu. Alikuwa na miaka tisa na alikuwa ameacha kuandika muda mrefu. Tangu alipoanza kwenda shule peke yake alikuwa amefundishwa kwamba akikutana na mama yake njiani yuko na wenzake wa kiwandani, amwite mama mdogo. Alikuwa amelitekeleza hilo vizuri sana, hata mara moja Kaliza aligeuka kutazama ni mtoto wa nani anayeita.

"Kwa hiyo sasa ukituandika," Trinah aliuliza, "tunakuwa wako?"

"Siku zote mlikuwa wangu."

"Hata kule njiani?"

Castory alitazama ukuta. Kaliza alisema chakula kinapoa, jambo ambalo halikuwa kweli, kwani kilikuwa bado jikoni kinachemka.

*

Jumatano alipanga foleni mlangoni pa Umulisa wa ofisi ya utumishi, vyeti viwili vya kuzaliwa vikiwa ndani ya bahasha. Umulisa ndiye yule binti wa getini wa miaka minne nyuma. Sasa alikuwa na kiti chenye magurudumu na kompyuta. Alivigeuza vyeti, akasoma tarehe ya chini.

"Hivi vimepitisha miezi mitatu. Tunapokea vipya tu."

"Kwani katika miezi mitatu watoto wanabadilisha mama?"

"Kaliza, mimi sikutunga sheria."

Kaliza alitoka, akaomba ruhusa kwa msimamizi wake, akakatwa nusu siku, akaenda kwa kijana wa huduma za mtandao karibu na kituo cha basi, akavilipia upya vyeti vilevile vyenye majina yaleyale, akarudi saa tisa na nusu. Foleni ilikuwa imekuwa ndefu maradufu. Alipofika mbele, Umulisa alifungua faili lake na kuliweka sambamba na vyeti.

"None se, sasa si uliandika hauna mtoto?"

"Niliandika."

"Hawa wametoka wapi?"

"Hospitali. Mwaka umeandikwa hapo."

"Uliongopea kampuni."

"Na nani alisimama getini akasema wenye watoto wadogo kushoto?"

Umulisa aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na foleni nzima ilikuwa imenyamaza kusikiliza.

"Mimi nilitumwa."

"Na mimi nilivuka. Andika yote mawili. Andika ulitumwa, andika nilivuka, nami nitasaini."

"Sha, usipige kelele." Umulisa aliinama, sauti ikashuka. "Unajua leo wewe iko wa ngapi? Wa tisini na mbili. Jana walikuja sabini. Ningewafukuza wote, nani atashona?" Alivuta droo, akaifunga tena bila kutoa kitu. "Hata mimi kwa faili yangu iko sifuri. Niko na mvulana wa miaka saba. Iko Rwamagana kwa mama yangu."

"Umemrekebisha?"

"Nimrekebishe kwa nani? Marekebisho ninapokea mimi."

Aligonga mhuri mara mbili, akaandika nambari kwenye daftari, akaita anayefuata.

Alhamisi asubuhi tangazo la pili lilibandikwa juu ya la kwanza. Menejimenti, lilisema, imeamua kwa huruma kwamba hakuna mfanyakazi atakayeadhibiwa kwa kurekebisha taarifa zake. Wanawake wa laini ya kwanza walilisoma wakarudi kwenye cherehani bila kushukuru, kwa sababu kila mmoja alijua kuhesabu mpaka mia mbili na arobaini.

*

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Ochieng alimwita ofisini. Ochieng alikuwa mkuu wa utumishi, Mkenya wa Kisumu, mtu wa tai hata siku ya joto, ambaye hakuwa mkali wala mpole ila alipenda mambo yaishe. Mezani palikuwa na orodha ya kurasa sita.

"Keti, Kaliza. Umesikia habari njema? Kiwanda hiki kimezaa watoto mia sita na kumi na moja. Kwa siku nne! Hata hospitali ya taifa haiwezi."

"Walikuwapo, bosi. Ni vile hamkuwauliza vizuri."

"Wengine walikuwapo. Wengine wameazimwa." Aligonga ukurasa wa nne kwa kalamu. "Huyu Shallon. Watoto wanne. Si huyu ndiye mlikuwa mnamcheka kwamba ni yeye tu aliyejaza ile fomu kwa ukweli? Leo ana wanne na alama ishirini kamili. Wewe una wawili wa haki, wa damu yako, una kumi. Hilo linakupendeza?"

Lilikuwa halimpendezi Kaliza hata kidogo, na alichukia kwamba Ochieng alilijua.

"Inspekta wa kazi anakuja Jumatatu," Ochieng aliendelea. "Nikimpa hii orodha atanicheka mbele ya mkurugenzi. Wewe umepita laini zote, unawajua wote, unajua nani anaishi na nani. Na wewe ni mkaguzi. Chukua kalamu. Weka alama kwa wale unaojua si wao. Basi. Hakuna mtu atajua imetoka kwako."

"Halafu?"

"Halafu na mimi najua kusaidia anayenisaidia."

Kaliza alivuta orodha kwake. Aliisoma kama alivyosoma kila kitu, kutoka juu mpaka chini, bila kuruka. Wanne wa Shallon aliwajua. Walikuwa wa kaka yake aliyekufa kwa ajali ya pikipiki miaka mitatu iliyopita. Mama yao aliolewa kwingine, wakabaki na shangazi yao Shallon. Shallon ndiye aliyewalisha na kuwanunulia viatu vya shule, lakini vyeti vyao vilikuwa na majina ya watu wengine, na karatasi ya serikali ya mtaa aliyoambatanisha ilikuwa na mwandiko wa haraka. Mistari miwili juu yake palikuwa na mwanamke mwenye watoto watatu, vyeti safi, mihuri mipya. Watatu hao walilelewa na bibi yao kijijini, na mama yao aliwaona Krismasi hadi Krismasi. Yupi kati ya hawa alistahili stika nyekundu? Kwenye shati angejua. Shati lina kipimo chake, na kipimo kimeandikwa kwenye karatasi inayoning'inia juu ya meza.

Aliiacha kalamu ilipokuwa.

"Laini mbili zikibaki, wakaguzi wanabaki wangapi?"

"Hilo si swali la leo."

"Ndilo. Kila laini ina mkaguzi wake. Laini mbili, wakaguzi wawili. Wawili waliokuja kabla yangu wapo na wana watoto. Nikikutolea watu thelathini kwenye orodha hii, mimi kwenye ukaguzi nakuwa wa ngapi?"

Ochieng aliirekebisha tai ambayo haikuwa imepinda. "Wa tatu."

"Basi hujanipa kitu."

"Ningekupa cherehani. Unajua kushona, nimeona kwenye faili."

"Cherehani ipi?"

"Ya kola. Laini ya tatu inahamia kwa pili, kutakuwa na nafasi."

"Ya Shallon."

"Kiti ni kiti, Kaliza. Hakina jina la mtu." Alikuwa amechoka ghafla, akasema kwa sauti ya mtu anayelalamika nyumbani kwake. "Mimi niko na oda za miezi miwili tu na watu mia mbili na arobaini. Mkurugenzi anataka sitini na nane watoke, inspekta anataka watoke kwa haki, nyinyi mnataka asitoke mtu. Sasa mimi nishike lipi? Sina wakati wa hadithi ya kila nyumba."

Kaliza alikaa na orodha mapajani labda dakika mbili. Alifikiria kodi ya nyumba na siku tatu za Castory. Alifikiria pia mambo mengine ambayo hayakuwa ya uadilifu wowote: kwamba Shallon alishona kola arobaini kwa saa na yeye angefika ishirini na tano akijitahidi, kwa hiyo kwenye duru nyingine ya jedwali, na duru nyingine ingekuja tu, angeangukia kwenye utendaji. Na zaidi ya hayo yote alikuwa amechoshwa na swali lenyewe. Watu walewale waliomlipa miaka minne kwa kutokuwa na watoto sasa walimtaka awapimie watoto wa wenzake.

Aliirudisha orodha mezani.

"Karatasi zote zimepita," alisema.

"Hizi si mashati."

"Ndiyo sababu sina stika ya kuzibandika."

*

Inspekta alikuja, akanywa chai, akasema orodha imefuata utaratibu. Kwa kuwa karibu kila mtu alikuwa amepata alama kumi au zaidi kwa wategemezi, watoto wote mia sita na kumi na moja hawakumwokoa yeyote wala kumwangusha yeyote. Waliotoka walikuwa wale wale ambao wangetoka bila wao, yaani walioajiriwa mwisho na wale ambao kazi yao ilifutika na laini zao. Kaliza alikuwa wa kumi na tisa kwenye majina sitini na nane. Shallon alibaki. Siku ya mwisho alimfuata mpaka getini akamshika mkono, akasema cherehani yake mpya inakata uzi.

Castory alichukua siku mbili kuelewa sehemu ya kiti, na alipoielewa hakuweza kukaa.

"Ulipewa kazi ukaikataa?"

"Nilipewa kazi ya mtu mwingine."

"Kazi zote ni za mtu mwingine! Hii yangu ilikuwa ya nani? Alikuwa Mganda mmoja anaitwa Usumani, alifukuzwa Ijumaa, nikaingia Jumatatu. Sikumwuliza ana watoto wangapi."

"Labda ungemwuliza."

"Ningemwuliza, Trinah angekula majibu?"

Kwa hilo alikuwa na haki kiasi, na Kaliza alimwachia haki hiyo kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumpokonya. Malipo ya kuondokea yalikuja, pungufu ya walivyotarajia kwa nusu siku moja. Yalilipa kodi na ada, yakaisha. Kila asubuhi baada ya kuwapeleka watoto alizunguka mageti ya Masoro, moja baada ya jingine. Walinzi walimwambia aache namba. Mmoja alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba akina mama wa umri wake wangejaribu kuuza nyanya. Alikuwa na miaka thelathini na nne.

Wiki ya saba, mchana, simu iliita akiwa anaanua nguo. Castory alikuwa nyumbani, ilikuwa siku yake ya kutokwenda.

"Kaliza! Habari za nyumbani?" Ilikuwa sauti ya Ochieng, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kuuliza habari za nyumbani.

"Salama, bosi."

"Watoto?"

"Salama."

"Sasa, sikiliza. Kuna kashida kadogo." Kashida kadogo kalikuwa mashati elfu tisa. Oda kubwa ilikuwa imeingia, wakaguzi wawili wamefanya kazi ya wanne, kola zilizopinda zimepita, na mwakilishi wa mnunuzi amefungua maboksi matatu tu akaukataa mzigo mzima. Wamepewa siku kumi kuyakagua upya, moja moja. "Ni kibarua tu. Hakuna fomu, hakuna nini. Unakuja, unalipwa jioni. Elfu tatu kwa siku."

"Elfu sita."

"Aisee! Wewe Kaliza!"

Castory alikuwa amesimama mlangoni, anapunga mkono kuelekea chini kama mtu anayemwomba dereva apunguze mwendo. Kaliza alimgeuzia mgongo.

"Elfu tano," alisema Ochieng, "na nisisikie umewaambia wengine. Saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni."

"Mpaka saa kumi na nusu."

"Mzigo unaondoka tarehe—"

"Shule inatoka saa kumi na moja. Nina watoto wawili, bosi, na mimi ndiye ninayewachukua."

Kaliza alisikia cherehani kwa mbali, chache, na mtu akimwuliza Ochieng jambo naye akimwambia ngoja.

"Saa kumi na moja kasorobo."

"Saa kumi na nusu."

"Haya, na nusu," alisema Ochieng, akakata simu kabla hajatajiwa jambo jingine.

Castory aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. "Ungeikosa! Kwa robo saa!" Kisha, baada ya muda, kwa sauti nyingine: "Ni kazi ya muda gani?"

"Siku kumi," alisema Kaliza, akakunja shati la Kaze, mikono kwanza. "Halafu wataona tena kwamba wana watu wengi."